Namna ya Kutengeneza na Kupima Utando wa Thamoelektriki wenye Muundo wa Nano Ukiwa Mombasa

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi wa fizikia au uhandisi aliyeko Mombasa ambaye anataka kutengeneza nyenzo ya thamoelektriki yenye chembe za kipimo cha nanomita, kisha aipime kwa umeme na kwa mwanga bila kusubiri mashine za mamilioni. Nyenzo ya thamoelektriki ni ile ambayo upande wake mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine huzalisha volteji yenyewe, jambo ambalo Thomas Johann Seebeck alilitambua mwaka 1821. Kinyume chake, yaani kupitisha mkondo na kupata upande wa baridi, kilionyeshwa na Jean Peltier mwaka 1834. Mji wetu una joto tele linalopotea bure, kuanzia mabomba ya moshi ya mitambo ya dizeli ya Kipevu na injini za meli pale Kilindini hadi tanuri za saruji za Bamburi, kwa hiyo hakuna haja ya kumshawishi mtu wa hapa kwa nini somo hili linafaa. Kinachohitajika ni namba za kuaminika. Namba hizo hupatikana pale tu vipimo vyote vinapofanywa kwenye kipande kimoja, kwa mwelekeo mmoja na katika halijoto moja, na pale mwanga unapoulizwa swali lile lile ambalo umeme umeshalijibu.

Ubora wa nyenzo hizi hupimwa kwa kigezo ZT, ambacho ni sawa na S²σT/κ. Hapa S ni kizigeu cha Seebeck, yaani volteji inayopatikana kwa kila digrii moja ya tofauti ya joto. Herufi σ ni upitishaji umeme. T ni halijoto kwa kelvini. Na κ ni upitishaji joto. Ugumu wa somo zima umo ndani ya mlinganyo huo mfupi, kwa sababu ukiongeza idadi ya elektroni ili σ ipande, S hushuka, na elektroni zile zile hubeba joto pamoja na umeme, hivyo κ nayo hupanda. Mwaka 1993 Hicks na Dresselhaus wa MIT walionyesha kwa hesabu kwamba kuipunguza nyenzo hadi tabaka au nyuzi nyembamba mno kungeweza kuuvunja mfungamano huo. Mwaka 2008 watafiti wa Boston College na MIT walisaga bismathi-antimoni-teluraidi ikawa unga wa nano, wakaishindilia tena kwa joto, na wakapata ZT ya 1.4 kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, wakati nyenzo ya kawaida ya aina hiyo ilikuwa imekwama karibu na 1 kwa miongo kadhaa. Faida hiyo ilitokana hasa na fononi, yaani mitetemo ya fuwele inayobeba joto, ambazo hugonga mipaka ya chembe na kutawanyika, ilhali elektroni, ambazo kwa kawaida husafiri umbali mfupi zaidi kabla ya kugongana na kitu, hupita bila kudhurika sana.

Kuchagua nyenzo ya kuanzia

Kila mwanafunzi hutaka kuanza na bismathi teluraidi, Bi₂Te₃, kwa kuwa ndiyo iliyomo ndani ya vibapa vya Peltier vinavyopoza maji katika dispensa nyingi za madukani. Mimi ninashauri uanze na oksaidi ya zinki iliyotiwa alumini kidogo. Misombo ya teluri ina sumu, na mtu aliyeivuta hutoa harufu ya kitunguu saumu mdomoni kwa siku nyingi. Zaidi ya hapo, pengo la nishati la Bi₂Te₃, yaani nishati inayohitajika ili elektroni iliyofungwa iwe huru kubeba umeme, ni takribani elektroni-volti 0.15, kiasi kwamba mwanga unaoweza kulionyesha una urefu wa wimbi wa mikromita 8 hivi, na spektrometa ya kawaida ya mwanga wa kuonekana na urujuanimno, yaani kifaa kinachopima mwanga kwa kila urefu wa wimbi, haifiki huko. Oksaidi ya zinki ina pengo la karibu elektroni-volti 3.3, ambalo linaonekana vizuri kwenye nanomita 375 hivi, na viambato vyake hupatikana kwa wauza kemikali za maabara kwa bei ya kawaida.

Usitarajie miujiza kutoka kwake. Oksaidi ya zinki ya kipande kizima, isiyo na muundo wa nano, hupitisha joto kupita kiasi, karibu wati 50 kwa mita kwa kelvini katika halijoto ya chumba, na kikundi cha Ohtaki cha Japani, kilichoonyesha mwaka 1996 kwamba kuitia alumini kunaifanya nyenzo ya thamoelektriki inayoeleweka, kilipata ZT ya takribani 0.3 kwenye nyuzi 1000 za Selsiasi. Kwa mwanafunzi, udhaifu huo una faida yake: nyenzo ambayo tatizo lake kubwa ni fononi ndiyo inayofaa kujifunzia kazi ya chembe ndogo.

Kutengeneza myeyuko na utando

Lenga mililita 50 za myeyuko wenye moli 0.5 za metali kwa lita, ambamo kwa kila atomu 98 za zinki kuna atomu 2 za alumini. Pima gramu 5.38 za asetati ya zinki yenye maji mawili ya fuwele na gramu 0.19 za nitrati ya alumini yenye maji tisa. Vitabu vingi hutaja kiyeyushi cha methoksiethanoli. Kiache, kwa kuwa kinadhuru uzazi na hupenya ngozi, na badala yake tumia isopropanoli au ethanoli safi. Asetati ya zinki haiyeyuki vizuri peke yake katika alkoholi hizo, kwa hiyo ongeza monoethanolamini taratibu, kama mililita 1.5, ambayo ni moli sawa na ya metali. Koroga kwa nyuzi 60 kwa saa moja au mbili ndani ya chupa iliyofungwa mpaka myeyuko uwe angavu kabisa, kisha uache utulie usiku kucha. Ukiona weupeweupe chini ya chupa asubuhi, uchuje au uanze upya. Usitengeneze utando kwa myeyuko wenye mashapo kwa kutumaini kwamba tanuri itasawazisha mambo.

Osha slaidi za kioo kwa sabuni, kwa maji yaliyochujwa na kwa alkoholi, halafu zikaushe kwa hewa safi. Chagua kioo cha borosilikati badala ya slaidi za bei rahisi za hadubini, kwa sababu kioo cha kawaida kina sodiamu inayopanda ndani ya utando wakati wa kuoka na kuharibu upitishaji wake, na tena huanza kulegea karibu na halijoto tutakayotumia. Kata vipande vya milimita 25 kwa 25. Weka matone juu ya kipande kilichowekwa kwenye mashine ya kuzungushia, zungusha kwa mizunguko 3000 kwa dakika kwa muda wa sekunde 30, halafu kaushe kwenye sahani ya moto ya nyuzi 300 kwa dakika 10. Kila tabaka huongeza nanomita 30 hadi 50 hivi, kwa hiyo utahitaji kurudia kama mara kumi ili ufike karibu na nanomita 400. Usitamani kumimina tabaka moja nene, kwani litapasuka linapokauka.

Hapa ndipo hewa ya Pwani inapoingia kati. Unyevu wa Mombasa uko juu karibu mwaka mzima, na utando wa oksaidi ya zinki unaokaushwa katika hewa yenye maji mengi hutoka na ukungu unaotawanya mwanga. Ukungu huo haudhuru sana kipimo cha Seebeck, lakini huharibu kabisa kipimo cha mwanga. Fanya kazi hii chumbani kwenye kiyoyozi kilichowashwa mapema, hasa asubuhi, na uhamishe slaidi kutoka kwenye mzunguko hadi kwenye sahani ya moto bila kukawia. Slaidi zilizokamilika zihifadhiwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa chenye silika jeli iliyokaushwa. Kama maabara yako iko Tudor au Nyali na madirisha yanatazama maji, kumbuka pia kwamba chumvi inayopeperushwa na upepo wa kusi hutua juu ya kila kitu, na ncha za shaba za vipimo huota kutu ya kijani haraka kuliko unavyodhani. Zisugue kabla ya kila kipimo.

Mwisho, oka slaidi zote pamoja katika tanuri kwa nyuzi 450 kwa saa moja, ukipandisha halijoto taratibu. Utando uliookwa hewani huwa na ukinzani mkubwa, kwa kuwa oksijeni hujibana kwenye mipaka ya chembe na kushika elektroni. Ukiwa na mtungi wa nitrojeni au agoni, oka mara ya pili ndani ya gesi hiyo kwa nyuzi 400 kwa nusu saa, na ukinzani utashuka kwa kiasi kikubwa. Bakiza slaidi mbili: moja yenye utando usiotiwa alumini na nyingine tupu. Bila hizo mbili, sehemu ya mwanga ya mwongozo huu haitakufaa.

Ukubwa wa chembe hupatikana kwa eksirei. Kilele cha oksaidi ya zinki kinachotokea karibu na nyuzi 34.4 za pembe mbili-theta hutumika kwa mlinganyo wa Scherrer, D = 0.9λ/(β cosθ), ambapo D ni ukubwa wa chembe, λ ni urefu wa wimbi wa eksirei, β ni upana wa kilele kwa radiani na θ ni nusu ya pembe hiyo. Kwa eksirei ya shaba, ambayo λ yake ni nanomita 0.154, kilele chenye upana wa nyuzi 0.35 baada ya kutoa upana wa mashine yenyewe, yaani radiani 0.0061, hutoa chembe za karibu nanomita 24. Ikiwa chuo chako hakina mashine hiyo, tuma slaidi moja kwenye maabara iliyonayo na uendelee na vipimo vingine kwa slaidi zile zile zilizookwa siku moja nayo.

Kupima Seebeck

Kipimo hiki ndicho rahisi kuliko vyote kwa vifaa na kigumu kuliko vyote kwa uangalifu. Chukua matofali mawili madogo ya shaba au alumini, yatenganishe kwa milimita 15 hivi, na weka kibapa cha Peltier chini ya moja wapo. Utando ulale chali, uso wenye oksaidi ukiangalia juu, ukikaa kama daraja kati ya matofali hayo. Bonyeza juu yake thamokapo mbili nyembamba, yaani vipima joto vya waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, moja kila upande, na mahali pale pale ziguse waya mbili za shaba za kupimia volteji. Jambo la kuguswa mahali pamoja si urembo: ukipima joto kwenye tofali na volteji kwenye utando, utapata tofauti ya joto kubwa kuliko ile iliyopo kwenye utando, na S yako itatoka ndogo kuliko ukweli. Mita unayotumia ionyeshe mikrovolti. Mita ya mkononi ya fundi wa umeme inayoishia kwenye milivolti moja haitoshi.

Pasha upande mmoja hadi tofauti iwe nyuzi 4, subiri itulie, andika. Kisha 6, 8 na 10. Chora grafu ya volteji dhidi ya tofauti ya joto na uchukue mwinamo wake, wala usigawe namba moja kwa nyingine. Tuseme umepata mikrovolti 250, 370, 490 na 610, waya mwekundu ukiwa upande wa moto. Mwinamo ni mikrovolti 60 kwa kelvini, na mstari haupiti kwenye sifuri bali kwenye mikrovolti 10, ambazo zinatoka kwenye viungo vya waya na wala hazihusiani na utando. Mtu anayegawa 250 kwa 4 angeandika 62.5, na anayegawa 610 kwa 10 angeandika 61, wote wawili wakibeba mikrovolti hizo 10 ndani ya jibu lao.

Volteji chanya upande wa moto maana yake ni kwamba elektroni zimekimbilia upande wa baridi, kwa hiyo nyenzo ni ya aina hasi na S huandikwa −60. Bado waya za shaba zina Seebeck yao ya takribani +1.8, ambayo unapaswa kuijumlisha, na S ya utando inakuwa karibu −58. Kabla ya kuamini chochote, weka badala ya utando kipande cha waya wa konstantani, aloi ya shaba na nikeli, uliotolewa kwenye thamokapo ya aina ya T: mbele ya waya za shaba kinapaswa kukupa karibu mikrovolti 41 kwa kelvini katika halijoto ya chumba. Kikikupa 35, tatizo liko kwenye mguso wa thamokapo zako, na kila namba uliyopima kabla ya hapo ina kasoro hiyo hiyo.

Funika mpangilio wote kwa sanduku la kadibodi na uzime feni ya dari. Upepo mdogo juu ya thamokapo hutosha kutikisa nusu digrii. Ni jambo la bahati kwamba kelvini 300, halijoto ambayo vitabu vyote hutumia kama ya chumba, ni nyuzi 27 za Selsiasi, yaani chumba cha Mombasa kisicho na kiyoyozi. Wenzetu wa nchi za baridi hulazimika kupasha sampuli zao ili kufika hapo.

Kupima upitishaji umeme

Usitumie ncha mbili za mita kupima ukinzani wa utando, kwa kuwa utapima zaidi ukinzani wa mguso kuliko wa utando. Tumia ncha nne zilizopangwa kwa mstari, zikiachana kwa milimita moja: mkondo uingie na kutoka kupitia ncha za nje, na volteji ipimwe kati ya ncha mbili za ndani. Pitisha miliampea 1, tuseme volteji ni milivolti 50. Uwiano ni omu 50. Zidisha kwa 4.53 na unapata ukinzani wa utando wa omu 226 kwa kila mraba. Namba 4.53 inafaa pale utando unapokuwa mpana sana kuliko nafasi ya ncha. Kwenye mraba wa milimita 25, ukipima katikati, kosa ni asilimia 2 au pungufu. Geuza mwelekeo wa mkondo na upime tena, kisha chukua wastani, kwa sababu ncha moja ikiwa na joto kuliko nyingine utando wako wa thamoelektriki utaongeza volteji yake mwenyewe ndani ya kipimo. Ingekuwa ajabu kusahau jambo hilo katika kazi ya namna hii, lakini husahauliwa.

Ukizidisha ukinzani huo kwa unene wa nanomita 400 unapata omu-sentimita 0.009, yaani σ ya simensi 11,000 hivi kwa mita. Unene wenyewe utautoa kwenye mwanga, kama tutakavyoona.

Kuna mtego mmoja ambao ni wa oksaidi ya zinki hasa, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu. Mwanga wa urujuanimno ukiangukia utando, jozi za elektroni na mashimo, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni hizo, huzaliwa. Mashimo huenda kwenye uso wa chembe na kuiachilia oksijeni iliyokuwa imeshikilia elektroni pale, oksijeni hiyo huondoka, na elektroni hubaki huru ndani ya chembe. Ukinzani hushuka, na hata taa ikizimwa huchukua saa nyingi kurudi, kwa kuwa ni lazima oksijeni ya hewani ije ijibane upya. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nyenzo inavyokuwa uso, na ndivyo athari hii inavyokua. Slaidi iliyoachwa karibu na dirisha kwenye jua la saa sita la Mombasa na slaidi iliyolala kwenye droo si nyenzo moja tena kwa upande wa umeme, ingawa zilitoka kwenye chupa moja. Kwa hiyo weka sampuli gizani usiku mzima kabla ya kupima, pima σ na S moja baada ya nyingine chini ya kifuniko kisichopitisha mwanga, na uandike kwenye daftari sampuli ilikaa gizani kwa muda gani. Ukitaka kuona athari yenyewe, basi ipime makusudi: washa taa ya urujuanimno, andika ukinzani kila dakika, zima, endelea kuandika. Grafu utakayopata itakufundisha kuhusu mipaka ya chembe kuliko sura nzima ya kitabu.

Kupima kwa mwanga

Weka slaidi tupu kwenye spektrometa kama rejea, kisha slaidi yenye utando, na urekodi upenyo wa mwanga kuanzia nanomita 320 hadi 1000. Utaona mambo mawili. Kwenye mwanga wa kuonekana upenyo uko juu, mara nyingi zaidi ya asilimia 80, ukipanda na kushuka kama mawimbi; karibu na nanomita 370 unaanguka ghafla.

Mawimbi hayo yanatokana na mwanga unaoakisiwa kati ya nyuso mbili za utando, nayo ndiyo yanayokupa unene. Chukua vilele viwili vinavyofuatana, tuseme kwenye nanomita 780 na 520. Unene ni λ₁λ₂/[2n(λ₁−λ₂)], na kwa kipimo cha kupinda mwanga n cha 1.95 jibu ni nanomita 400. Njia hii hudhani kwamba n haibadiliki kati ya nanomita hizo, jambo ambalo ni la kukadiria tu, kwa hiyo usiandike unene kwa tarakimu nne. Kama hakuna mawimbi kabisa, ama utando ni mwembamba mno ama una ukungu. Uinue mbele ya taa na jicho litakuambia ni kipi.

Anguko la ghafla ndilo lenye pengo la nishati. Kokotoa ufyonzaji α kwa kuchukua logi asilia ya 1/upenyo na kuigawanya kwa unene, kisha geuza urefu wa wimbi kuwa nishati E kwa elektroni-volti kwa kugawanya 1240 kwa nanomita. Kwa oksaidi ya zinki, ambayo pengo lake ni la moja kwa moja, chora (αE)² dhidi ya E, na urefushe sehemu iliyonyooka hadi ikate mhimili wa nishati. Kosa la kawaida ni kuchagua sehemu iliyonyooka kwa jicho lenye matumaini. Tumia sehemu ile ile ya α kwa sampuli zote, na uweke grafu yenyewe kwenye ripoti ili msomaji ajionee.

Tuseme utando usio na alumini umekupa elektroni-volti 3.28, na wenye alumini 3.40. Wanafunzi wengi huandika hapa kwamba chembe za nano zimepanua pengo kwa kuzibana elektroni. Si kweli kwa chembe za nanomita 24: kubana kwa namna hiyo huanza kuonekana katika oksaidi ya zinki pale chembe zinaposhuka hadi nanomita chache tu. Ongezeko la 0.12 linatokana na athari ya Burstein na Moss. Elektroni zilizotoka kwenye alumini zimejaza viti vya chini vya bendi ya upitishaji, yaani ngazi za nishati za elektroni zilizo huru kubeba umeme, na mwanga sasa unalazimika kuwa na nishati zaidi ili kuipandisha elektroni mpya hadi kwenye kiti kilicho wazi.

Athari hiyo huhesabika. Ongezeko la pengo ni (h²/8m*)(3N/π)^(2/3), ambapo h ni namba thabiti ya Planck, N ni idadi ya elektroni huru kwa ujazo na m* ni tungamo fanisi, yaani tungamo ambalo elektroni huonekana kuwa nalo ndani ya fuwele, ambayo kwa oksaidi ya zinki ni karibu 0.28 ya tungamo la elektroni. Kwa ongezeko la 0.12, N inatoka takribani 2.8×10¹⁹ kwa sentimita ya ujazo. Gawanya σ, ambayo ni simensi 110 kwa sentimita, kwa N na kwa chaji ya elektroni, utapata wepesi wa elektroni, yaani jinsi zinavyosogea kwa urahisi zikivutwa na volteji, wa sentimita za mraba 25 hivi kwa volti-sekunde. Hiyo ni namba inayoaminika kwa utando wa njia hii. Ingetoka 300, ungejua mara moja kwamba unene, au σ, au grafu ya pengo ina kasoro, kwa sababu hata fuwele moja safi ya oksaidi ya zinki haizidi sana 200. Hesabu hiyo pia inafichua kitu ambacho umeme peke yake usingekuambia: alumini ya asilimia 2 ni kama atomu 8×10²⁰ kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo kati ya kila atomu 100 za alumini ulizotia, kama 3 tu ndizo zilizotoa elektroni huru. Zilizobaki zimekaa mipakani mwa chembe au zimeungana na oksijeni bila kuchangia. Kabla ya kuongeza alumini ili kupandisha σ, rekebisha uokaji.

Ukipata nafasi ya kutumia spektrometa ya infraredi, pima uakisi. Elektroni huru huakisi mwanga wenye urefu wa wimbi mkubwa kuliko kikomo fulani cha plazima. Kwa N yetu kikomo hicho kiko karibu na mikromita 6.5, na kwa tando zenye elektroni 10²¹ husogea hadi mikromita 1.1 hivi. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba mwanga hutikisa elektroni ndani ya chembe moja bila kuzilazimisha kuvuka mpaka, wakati ncha nne huzilazimisha kuvuka mipaka maelfu. Wepesi unaopatikana kwa mwanga ukiwa mkubwa zaidi kwa mbali kuliko wa ncha nne, basi mipaka ndiyo inayozuia umeme wako, na hapo unajua kwamba chembe ndogo zaidi zitakupunguzia joto lakini zitakupokonya umeme.

Kuandika matokeo

Kwa namba za mfano wetu, S²σ ni wati 3.7×10⁻⁵ kwa mita kwa kelvini ya mraba. Bismathi teluraidi nzuri, yenye S ya mikrovolti 200 na σ ya simensi 100,000 kwa mita, hufika 4×10⁻³, mara mia moja zaidi. Andika hivyo hivyo bila kuona haya.

Kuhusu ZT, msimamo wangu ni mkali: usipopima κ ya utando wako, usiandike ZT. Kuazima κ ya kipande kizima kisicho na muundo wa nano kutakupa ZT ndogo kuliko ukweli, na kuazima κ ya utando wa mtu mwingine kutakupa namba ya kupendeza isiyo ya nyenzo yoyote duniani. Hata anayeipima κ kwa njia ya omega-tatu, inayopasha ukanda mwembamba wa metali juu ya utando kwa mkondo geu na kusoma volteji kwenye masafa mara tatu ya mkondo huo, aangalie mwelekeo, kwa kuwa njia hiyo mara nyingi hupima joto linaloshuka kuelekea kwenye kioo, ilhali S na σ zimepimwa kando ya utando. Chembe za oksaidi ya zinki hupenda kusimama wima kama nguzo juu ya kioo, kwa hiyo pande hizo mbili si lazima zilingane.

Jambo hilo la mwelekeo huwa zito zaidi utakapohamia kwenye Bi₂Te₃, ambayo fuwele yake ni tabaka za teluri na bismathi zilizolaliana, na ambayo hupitisha umeme kando ya tabaka mara kadhaa kuliko kuzikata, na joto kama mara mbili. Unga wake wa nano ukishindiliwa, bamba hulala upande mmoja kwa kiasi fulani. Kata kipande cha umeme na kipande cha joto kwa mwelekeo mmoja kutoka kwenye kidonge kimoja, na uvitie alama kabla ya kukata. Usage chini ya kimiminika ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa na glavu na barakoa ya chembe, na mabaki yawekwe kwenye chupa yenye lebo, kamwe yasimwagwe kwenye sinki. Kama unataka tu kipande cha rejea cha kujaribia mpangilio wako wa Seebeck, mafundi wa dispensa huwa na vibapa vya Peltier vilivyokufa: vingi vya hivyo vina jozi 127, na ambacho viungo vyake bado vizima kinapaswa kutoa karibu milivolti 50 kwa kila kelvini, kwa kuwa kila jozi ina nguzo mbili za mikrovolti 200 hivi kila moja. Pima kibapa kizima kwanza, na usikifungue isipokuwa umevaa glavu.